Dira ya ubia: jinsi ya kuiandika pamoja, na wakati wa kuihuisha

Dira ya ubia ni maelezo mafupi ya hali ambayo taasisi zinazofanya kazi pamoja zinataka kuifikia. Nyingi nilizokutana nazo ziliandikwa na mtu mmoja, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha andiko la mradi. Wabia wengine wakatia saini tu. Ukiwauliza baadaye, kila mmoja anakutajia malengo ya taasisi yake. Mimi huiendesha kazi hii hivi.

1. Waite wanaoguswa. Kama ubia wenu ni wa vijana, vijana wawemo chumbani, tena si mmoja wa kujazia orodha.

2. Anzeni kwa kimya. Hatua hii naitetea kuliko zote. Mpe kila mtu kadi tatu, kisha uliza: "Miaka 10 kutoka leo unapita mtaani asubuhi. Unaona nini ambacho leo hakipo?" Dakika 10 za kuandika, bila kuongea. Watafiti Andre Delbecq na Andrew Van de Ven waliueleza utaratibu wa kuandika kimyakimya kabla ya mjadala mwaka 1971. Mwenyekiti akitangulia kusema, wengi hufuata upepo. Kadi ikisema "usalama", muulize mwenyewe unaonekanaje, mpaka isomeke: "Nimemtuma binti yangu dukani jioni na sikusimama mlangoni kumsubiri."

3. Bandikeni kadi ukutani, zinazofanana pamoja. Iliyobaki peke yake msiitupe. Huenda ni ya mtu ambaye asingethubutu kunyoosha mkono. Zipigeni picha zote.

4. Wawili au watatu waandike rasimu. Umati hauandiki sentensi. Kila mbia aipeleke kwa watu wake wiki mbili, arudi na masahihisho.

5. Chini ya dira, kila mbia aandike atakachotoa: muda, ukumbi, fedha, watu. Hapo utajua nani yumo kweli.

6. Ihuisheni kila mwaka, na pia anapoingia mbia mpya au kiongozi anapoondoka. Msiisome kwa sauti na kupiga makofi. Kila mtu aiandike kwa kumbukumbu, kisha mlinganishe karatasi. Zikipishana sana, rudini hatua ya 2 pamoja na wageni wenu; wasikabidhiwe dira kama sare ya kuvaa. Baada ya kuandika kwao, toeni picha za kadi za kwanza. Wageni wataona kila neno lilitoka wapi, na wenyeji wataona lipi limeshatimia. Hilo liondoeni kwenye dira, nafasi yake ichukuliwe na kadi ya leo.