Somo: Makumbusho ya Berlin kwa siku mbili, tukianzia kwa mjusi wa Lindi (dinosaria)

Wageni wangu wakifika Berlin hutaka kuona kila kitu. Jioni ya kwanza miguu imevimba, na ukiwauliza wameona nini wanakumbuka keki ya mkahawani. Hivi ndivyo ninavyowatembeza: nyumba chache, na katika kila nyumba kitu kimoja au viwili vya kusimama mbele yake mpaka uvizoee.

Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kukata tiketi

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, ila Humboldt Forum, jumba jingine la maonyesho, hufungwa Jumanne. Pergamonmuseum, lile ambalo kila mtu amelisikia, lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati mrefu, kwa hiyo angalia tovuti yao kwanza, usiziamini picha za zamani za watu. Ukikusudia kuingia nyumba tatu na zaidi, nunua Museum Pass Berlin. Inatumika siku tatu mfululizo kwenye makumbusho zaidi ya 30. Baadhi ya nyumba bado zitakutaka uchague saa ya kuingia hata kama unayo pasi.

Hatua ya 2: Gonga tiketi ya treni

Hakuna mageti, unaingia tu kama nyumbani kwako. Lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Mimi nilikuwa na tiketi mfukoni, safi, haijagongwa. Nikalipa faini ya yuro 60.

Hatua ya 3: Anza kwa mjusi

Panda treni ya chini ya ardhi, U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya viumbe na maumbile. Ukishaingia ukumbi mkubwa, mbele yako amesimama mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyoungwa, urefu wake mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, umri kama miaka milioni 150. Wataalamu humwita *Giraffatitan brancai*. Mifupa aliyoungwa nayo haikutoka kwa mnyama mmoja, imekusanywa kutoka kwa kadhaa.

Hapa usikimbie. Wajerumani walichimba Tendaguru, ndani ya Lindi, kusini mwa Tanzania ya leo, kuanzia 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu, na kusini kote kulikuwa kumeachwa na njaa na makaburi. Mamia ya vibarua ndio waliochimba. Wapagazi wakaibeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyejifunza kuitambua na kuisafisha mifupa mpaka akategemewa na wataalamu wenyewe. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Mimi humwambia kila mgeni: mtazame mnyama, kisha jiulize mfupa ule wa paja ulibebwa na wangapi.

Hatua ya 4: Kisiwa cha Makumbusho

Rudi U6 mpaka Unter den Linden, ubadilishe U5 kituo kimoja, ushuke Museumsinsel. Makumbusho matano yako kwenye kisiwa kimoja cha mto Spree, na la kwanza lilifunguliwa 1830. Chagua moja. Mimi huchagua Neues Museum, kwa sababu ya Nefertiti, sanamu ya kichwa cha malkia wa Misri ya kale, na kwa sababu ya kuta. Jengo lilipigwa mabomu kwenye vita vya pili vya dunia, likakaa gofu miaka mingi, likafunguliwa upya 2009. Waliolikarabati hawakuyaficha makovu: rangi iliyobanduka imeachwa ilivyo.

Nefertiti yuko peke yake chumbani. Jicho lake la kushoto halina mboni. Alichimbuliwa Amarna, Misri, Desemba 1912, na Wamisri wanamdai mpaka leo. Kumpiga picha ni marufuku, na walinzi wa chumba kile hawana mzaha.

Hatua ya 5: Siku ya pili, nenda Gemäldegalerie

Ni jumba la michoro ya zamani, liko Kulturforum, karibu na Potsdamer Platz. Wengi huiruka, nami siwaelewi. Rembrandt wamo, Caravaggio yumo, lakini Mswahili aende moja kwa moja kwa Pieter Bruegel, kwenye mchoro wake wa methali wa 1559. Kijiji kizima, na kila mtu ndani yake anatenda methali au msemo wa Kiholanzi, zaidi ya mia kwenye ubao mmoja. Chini kushoto kuna mtu anamfunga paka kengele! Ndiyo, huyohuyo tunayeuliza kila siku nani atamfunga. Pembeni mwingine anagonga ukuta kwa kichwa. Katikati chini, mtu anafukia kisima wakati ndama ameshazama. Sisi tungesema majuto ni mjukuu. Niliwahi kukaa hapo saa nzima na shangazi yangu tukishindana kutafuta. Alinishinda.

Hatua ya 6: Malizia nje

East Side Gallery ni kipande cha Ukuta wa Berlin, kama kilomita 1.3, kilichochorwa na wasanii mwaka 1990. Bure, saa yoyote. Nenda asubuhi kabla ya umati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watatu, Mombasa: Ahsante sana kaka. Watoto wanalipa?
Jibu: Karibu dada. Kwenye majumba ya Staatliche Museen (makumbusho ya serikali), yakiwemo ya Kisiwani na Gemäldegalerie, walio chini ya miaka 18 huingia bure. Kwa mjusi kuna bei ya watoto, angalia tovuti. Begi la mgongoni utaambiwa uliache, basi weka sarafu ya yuro 1 au 2 kwa ajili ya kabati la kufuli.

Mdau wa Lindi: Huyu mjusi si wetu? Mbona harudi?
Jibu: Swali lako limeshaulizwa hata Bungeni Dodoma, ndugu yangu. Hoja ya gharama ya kumtunza hutajwa sana. Mimi naona hata kabla ya kurudi au kutorudi, mtoto wa Lindi angepaswa kuingia pale bila kulipa.

Mjukuu wa Moshi: Shikamoo. Je, fuvu la Mangi Meli lipo humo tukaliangalie?
Jibu: Marahaba. Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani 1900, na familia imelitafuta fuvu lake miaka mingi. Mabaki ya watu hayawekwi kwenye maonyesho, yako stoo. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa vipimo vya DNA vimeunganisha baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro na familia zilizo hai Tanzania. Kama ni ukoo wako, usiende kama mtalii. Waandikieni kwa pamoja, mkiwa na majina ya babu zenu.

Mwanafunzi, Kigali: Nina nusu siku tu.
Jibu: Mjusi. Kisha ule chakula.