Kukadiria njia ya jahazi kwa dira, batli na penseli: Nungwi hadi Mkoani

Simu ikizima katikati ya bahari, nahodha hubaki na dira, saa, batli (kipima mwendo), ramani, bikari na rula sambamba. Vinatosha. Mfano wetu ni safari ya Nungwi kwenda Mkoani, Pemba, wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini.

1. Piga mstari kwenye ramani. Kutoka mnara wa taa wa Nungwi ni nyuzi 43 hivi, maili 29 za baharini. Umbali pimia pembeni mwa ramani, kwenye latitudo: dakika moja ni maili moja, yaani mita 1,852. Longitudo usiiguse.

2. Pima mwendo. Batli ni kibao chenye kamba ya mafundo, moja kila mita 14.4. Kitupe tezini (nyuma ya chombo), acha kamba ikimbie sekunde 28. Mafundo yaliyopita ndiyo noti zako, yaani maili za baharini kwa saa. Kama huna, tupa kumbi la nazi lililolowa (kavu hupeperushwa) kutoka omo (mbele ya chombo), hesabu sekunde hadi lifike tezi. Gawa urefu wa chombo kwa sekunde, zidisha kwa mbili. Mita 10 kwa sekunde 4 ni noti 5.

3. Kila nusu saa andika saa, nyuzi na noti. Andika nyuzi alizoshika msukani kweli, si ulizomwagiza.

4. Sasa ondoa uongo wa upepo na maji. Wengi hupotelea hapa, kwa sababu chombo kinaonekana kwenda sawasawa kumbe kinabebwa. Tuseme umeshika nyuzi 45 kwa saa nzima, noti 5. Kusi inakusukuma demani, upande unakoelekea upepo. Tazama povu nyuma ya chombo, limepinda nyuzi 5 hivi. Basi piga maili 5 kwenye nyuzi 40. Kutoka ncha hiyo, mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini, tuuweke noti 1.5, unakupandisha maili 1.5. Unganisha mwanzo na mwisho: umekwenda nyuzi 31, maili 6.2. Ukiendelea hivyo utapita magharibi ya Mkoani kwa maili 7.

5. Rekebisha. Kwa hali hiyohiyo, shika nyuzi 60. Omo itatazama mashariki mno na mabaharia watanung'unika, waache. Ukitoka saa 12 asubuhi, utafika karibu saa 5.

Nyuzi zote hizo ni za ramani. Tofauti ya dira, kati ya kaskazini yake na ya ramani, imeandikwa kwenye ramani yenyewe, na huku kwetu ni nyuzi chache magharibi: zijumlishe kabla ya kumpa msukani. Nanga na vyuma vingine viweke mbali na dira.

6. Pemba ikionekana, pima nyuzi za alama mbili unazozitambua, piga mistari yake. Inapokatana ndipo ulipo. Futa makadirio yote, anza upya kutoka hapo, na ukikaribia kisiwa cha Makoongwe, karibu na Mkoani, tia bildi (kamba yenye risasi) upime kina.