Kodi imefika, hela ya nyumba haijaingia: ufanye nini ukiwa Uingereza

Ndugu zangu mliopo Uingereza, hasa nyie mliofika karibuni au mliopunguziwa masaa kazini mkajikuta mnaomba Universal Credit (hela ya serikali ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, ndani yake kuna fungu la kodi ya nyumba) kwa mara ya kwanza, naomba tuongee hii ishu ya kodi kwa uwazi maana watu wanaumia kimyakimya. Tarehe inafika, mwenye nyumba anataka chake, hela ya serikali haijaingia, mtu anazima simu, barua zinarundikana mlangoni hazifunguliwi, anaomba Mungu wiki ipite. Huku kunyamaza ndio kunafanya kuchelewa kwa wiki mbili kuwe kesi ya mahakamani. Hela iliyochelewa sio hela iliyokataliwa, na kuna njia kadhaa za kuvuka hapo katikati ambazo ofisini hawakwambii mpaka uulize mwenyewe.

Kabla sijaenda mbali, angalia viza yako. Kama ina lile sharti la kutotumia fedha za umma basi usiombe Universal Credit wala Housing Benefit (msaada wa kodi unaotoka kansili, yaani halmashauri ya eneo lako), utajiharibia makaratasi yako. Kwako njia ni nyingine: kama upo kwenye viza ya familia na umeishiwa kabisa unaweza kuomba Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji) wakutolee hilo sharti, na kama una watoto, idara ya watoto ya kansili inaweza kusaidia kwa sheria ya watoto ya 1989, msaada huo hauhesabiwi kama fedha za umma. Tafuta ushauri wa bure kwa mtu anayejua uhamiaji kabla hujajaza fomu yoyote. Wale mliopewa hadhi ya ukimbizi hamna hilo sharti, na msisubiri namba ya National Insurance ndio muombe, ombeni leo, namba itafuata.

Sasa mfumo wenyewe. Universal Credit inalipwa baada ya mwezi kuisha, wakati kodi ya nyumba inadaiwa mwanzo wa mwezi. Tuseme umeomba tarehe 3 Machi, wanahesabu mpaka tarehe 2 Aprili, halafu wana hadi siku 7 za kulipa, kwa hiyo hela ya kwanza unaiona kama tarehe 9 Aprili. Hapo hakuna aliyekosea, hizo wiki tano ndio utaratibu. Kama kodi yako ni kila tarehe 1, ya Aprili itakukuta mikono mitupu, na hata miezi inayofuata utakuwa unalipa siku 8 nyuma kila mara, na mwenye nyumba ataona mtu anayechelewa kila mwezi. Dawa ya hili ni rahisi ila watu hawaifikirii, muombe mwenye nyumba ahamishe tarehe ya kodi iwe siku moja au mbili baada ya siku yako ya malipo, wengi wanakubali maana na wao wanataka tarehe inayoeleweka, akikubali akuandikie hata kwa meseji.

Kwa hizo wiki tano za mwanzo kuna advansi. Unaiomba kupitia akaunti yako ya mtandaoni, au Jobcentre (ofisi ya ajira ya serikali), au kwa simu 0800 328 5644, na unaweza kupewa mpaka kiasi chote cha malipo ya mwezi mmoja wanachokukadiria, pamoja na fungu la nyumba. Ni mkopo usio na riba, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu mnaoogopa riba hapa hamna tatizo, unakatwa kidogokidogo hadi miezi 24. Piga hesabu lakini, ukichukua pauni 1,200 ni pauni 50 kila mwezi kwa miaka miwili, na hiyo 50 utaihisi. Ushauri wangu chukua ya kutosha kodi na chakula, usichukue yote kwa sababu tu wameiweka mezani. Ila kati ya advansi na yule mkopeshaji wa mtandaoni anayekupa hela kwa dakika tano, chukua advansi bila kufikiri mara mbili. Kama kwenye simu Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, na tafadhali usimpe mtoto wa miaka kumi kazi ya kutafsiri madeni ya wazazi wake.

Wazee waliofika umri wa pensheni, na wale waliowekwa kwenye nyumba za muda na kansili au wanaishi nyumba za uangalizi maalum, hawa hela ya nyumba inatoka kansili kwa jina la Housing Benefit, na huku kuna jambo ambalo nataka kila mtu alishike. Kama unapanga kwa mtu binafsi au kwa shirika la nyumba na kansili imeshindwa kuamua ombi lako ndani ya siku 14, na wewe umeshawapa kila karatasi waliyoomba, sheria inawataka wakulipe malipo ya awali huku wanaendelea na uchunguzi wao. Iko kwenye kanuni za Housing Benefit za 2006, kanuni ya 93, na kwa wazee wa umri wa pensheni ni kanuni ya 74 kwenye kanuni zao za mwaka huohuo. Ni wajibu wao, sio hisani, lakini ukikaa kimya mara nyingi haitokei, kwa hiyo waandikie, taja kanuni inayokuhusu, taja tarehe uliyoomba na tarehe uliyopeleka makaratasi, sema kodi inadaiwa lini. Mpangaji wa nyumba ya kansili yenyewe hii haimhusu maana kwake hela haitoki, inapunguzwa tu kwenye kodi yake.

Tuje kwa mwenye nyumba. Mwambie kabla ya tarehe, sio baada. Kuongea kwa simu ni sawa lakini baada ya simu tuma imeili au meseji yenye yaleyale, sema umeomba lini, malipo yanategemewa lini, weka skrinishoti inayoonyesha ombi lako liko wazi (futa namba za benki), halafu ongeza na hela kidogo. Hiyo hela kidogo ina uzito kuliko maelezo yote. Pauni 60 au 100 tarehe ileile ya kodi inamwambia wewe sio mtu wa kukimbia, na siku kesi ikifika kwa hakimu ina maana kubwa kwamba ulikuwa unalipa ulichonacho. Usiahidi tarehe ambayo huna uhakika nayo. Wenzetu wengi kwa heshima tunasema Ijumaa nitakuwa nayo, Ijumaa inafika hamna kitu, hapo ndio uaminifu unavunjika kabisa, afadhali useme inategemewa kati ya tarehe 9 na 12 na ukiona mabadiliko umwambie siku hiyohiyo.

Na hela inachelewa kwa nini? Mara nyingi ni uthibitisho wa kodi. Waswahili wengi tunapanga chumba kwa mwenzetu, hakuna mkataba, hela inatolewa mkononi, halafu ofisi inauliza uthibitisho hakuna. Pale Universal Credit wanataka kuona jina la mwenye nyumba, anwani, kiasi cha kodi, na ulianza lini, barua ya kawaida iliyosainiwa inaweza kutosha, na kuanzia sasa lipa kwa benki ili stetimenti ikutetee. Kama mwenye chumba anagoma kuandika barua anaogopa kodi ya serikali au naye ni mpangaji asiyeruhusiwa kupangisha, kaka yangu dada yangu tafuta pengine mapema, maana bila barua hutalipwa. Na kama unaishi ndani ya nyumba ya ndugu wa damu wa karibu, mzazi, kaka, dada, mtoto wako, hiyo hela ya nyumba haitatoka hata ukiwa na mkataba wa wakili.

Kingine ni mali na hela zinazopita kwenye akaunti. Akiba ikizidi pauni 6,000 wanaanza kukupunguzia, ikizidi 16,000 hustahili. Kiwanja chako Kibaha au Kitengela kinahesabiwa pia, kitaje tokea mwanzo na thamani yake, ukificha wakaja kugundua ni balaa kubwa kuliko kuchelewa. Na nyie mnaoshika mchezo, wewe kijumbe unayepokea hela za watu kumi kwenye akaunti yako kisha unazituma kwa wa zamu, ofisi ikiangalia stetimenti inaona maelfu yanaingia, wanasimamisha kila kitu mpaka ueleze. Hela sio zako na sheria inalitambua hilo, ila uthibitisho ni wako, weka daftari, majina, tarehe, zamu, na meseji za grupu usizifute. Mi naona kama uko kwenye benefiti bora ukijumbe umpe mwingine kwa muda.

Pia waliopo nyumba za kansili au mashirika, kila Aprili kodi ikipanda akaunti yako ya Universal Credit inakuuliza kodi mpya ni ngapi, usipojibu unalipwa kwa ile ya zamani na pengo linakua bila wewe kujua. Na ukihama, toa taarifa kabla kipindi chako cha mwezi hakijafungwa, wanaangalia unaishi wapi mwisho wa kipindi.

Kama ombi limeshakubaliwa ila hela haitoshi kodi au deni la wiki zile tano bado lipo, nenda kansili uombe msaada wa ziada wa kodi. Scotland na Wales unaitwa Discretionary Housing Payment, England tangu Aprili 2026 umeingizwa kwenye Crisis and Resilience Fund. Wanataka bajeti yako, andika kila kitu ukweli, na nauli ya kazini, na umeme wa mita. Na kama umepewa notisi na unaweza kukosa pa kukaa ndani ya siku 56, kansili kwa England ina wajibu wa kukusaidia usifike barabarani, sheria ya 2017 inasema hivyo. Wakikwambia rudi siku dalali wa mahakama akija, wamekosea, usiondoke bila jibu la maandishi, piga Shelter, shirika la kusaidia wenye shida za makazi, 0808 800 4444. Kwa kujaza ombi lenyewe la mwanzo la Universal Credit, Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) wana huduma ya Help to Claim, England namba ni 0800 144 8444.

Kuna wengi wanaogopa watatolewa kesho. England kwa wapangaji wa watu binafsi, tangu tarehe 1 Mei 2026 ile notisi ya kukutoa bila sababu haipo tena, na kwenye ile njia ambayo hakimu analazimika kukutoa kwa deni, deni linatakiwa lifike miezi mitatu na notisi ni wiki nne. Na zuri zaidi kwetu, kiasi ambacho hakijalipwa kwa sababu tu hela ya nyumba ya Universal Credit haijakufikia hakihesabiwi kwenye hiyo miezi mitatu. Ndio maana nasisitiza skrinishoti na tarehe, hiyo ndio silaha yako. Hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kubadilisha kitasa au kutupa vitu vyako nje bila amri ya mahakama, sheria ya 1977 inamzuia, akifanya piga kansili na piga polisi. Tofauti kubwa ni kwa aliyepanga chumba na mwenye nyumba anaishi humohumo mnatumia jiko moja, ulinzi wako ni mdogo sana, anaweza kukupa notisi ya muda mfupi tu bila mahakama, kwa hiyo wewe kuelewana naye mapema ni lazima kuliko wengine wote.

Huko nyumbani Afrika wanasubiri. Najua ni ngumu kumwambia mama mwezi huu sina, tumelelewa hivyo, ila deni la kodi na umeme lina kipaumbele na kadi ya mkopo inaweza kusubiri, na nyumbani waambie mapema ili wasikope wakitegemea yako. Kama uko kwenye mchezo muombe kijumbe akubadilishie zamu na mtu wa mwezi huu, watu wanafanyiana hivyo siku zote kwenye misiba. Chakula, omba vocha ya benki ya chakula kupitia Citizens Advice, daktari wako au shule ya watoto, msiba wa kodi usiwafanye watoto walale na chai. Madeni yakiwa mengi England na Wales kuna Breathing Space, mshauri wa madeni anaiomba kwa ajili yako na wanaokudai wanasimama siku 60, na deni la kodi limo.

Ikipita muda ulioahidiwa na bado hakuna kitu, andika malalamiko rasmi kwenye akaunti yako halafu muandikie mbunge wa eneo lako. Ofisi ya mbunge inashughulikia kila mkazi, awe Mkongo, Mrundi au Mtanzania, hawaulizi kama una kura, waandikie jina, anwani, tarehe za ombi na kodi inadaiwa kiasi gani. Mara nyingi faili lililokuwa limelala linaamka.

Hela ikiingia soma kwanza mchanganuo wake kwenye akaunti, angalia fungu la nyumba lipo na ni kiasi gani, kwa sababu mara nyingine wanalipa la chakula tu la nyumba bado liko kwenye uhakiki. Kama lipo, kodi itoke siku hiyohiyo kwa benki, andika mwezi unaolipia, na mwenye nyumba akuthibitishie kwa maandishi kiasi cha deni kilichobaki. Ukiona huwezi kushika hiyo hela bila kuiguza, au deni limefika miezi miwili, omba walipe fungu la nyumba moja kwa moja kwake, Scotland unaweza kuchagua hivyo hata bila kuwa na deni.