Kuhama kutoka risiva kwenda prosesa ya sinema ya nyumbani

Tofauti na risiva, ambayo ina prosesa na amplifaya kwenye sanduku moja, prosesa ya sauti haina amplifaya ndani yake. Inapokea signali kutoka kwenye deki ya Blu-ray, runinga au kompyuta, inaifumbua (miundo ya sauti inayozunguka hadi juu, kama Dolby Atmos na DTS:X), inaisawazisha iendane na chumba, halafu inaitoa ikiwa bado dhaifu. Nguvu ya kusukuma spika hutoka kwenye amplifaya zinazokaa pembeni. Ndiyo maana kasoro nyingi baada ya kuhama huzuka pale prosesa inapokutana na amplifaya, au inapokutana na chumba.

Anza na hesabu ya chaneli, yaani njia za sauti, kila spika na yake. Mpangilio wa 7.1.4 una spika 7 za usawa wa masikio, subwufa 1 (spika ya besi) na spika 4 za juu. Subwufa nyingi za nyumbani zina amplifaya zao, kwa hiyo utahitaji chaneli 11: mathalani amplifaya moja ya chaneli 7 na nyingine ya chaneli 4. Kama risiva yako ina matundu ya kutolea signali kwa kila chaneli, nunua amplifaya kwanza, uziunge hapo, usikilize. Huenda shida ilikuwa nguvu tu, na prosesa ikasubiri. Na kama fedha zinatosha kwa kimoja kati ya prosesa ya daraja la juu zaidi na subwufa ya pili, chukua subwufa. Besi ndiyo inayoharibiwa zaidi na chumba, na subwufa mbili zilizowekwa sehemu tofauti hupunguza tofauti ya besi kati ya kiti na kiti. Hakikisha tu prosesa inapima kila subwufa peke yake. Baadhi zina matundu mawili yanayotoa signali ileile.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: volti. Amplifaya ya wati 200 kwenye spika ya ohm 8 hutoa volti 40 ikifika mwisho wa nguvu zake. Ikiwa inakuza kwa desibeli 29, yaani karibu mara 28, inahitaji kupewa volti 1.4 tu. Ikikuza kwa desibeli 23, inataka volti 2.8. Prosesa isiyoweza kutoa volti hizo bila kukwaruza itaifanya amplifaya nzuri ionekane goigoi. Kinyume chake pia ni tatizo: amplifaya inayokuza sana, ikifungwa kwenye spika nyepesi kusukumwa, hukuletea mchirizo unaosikika hata filamu ikiwa kimya. Soma karatasi za vifaa vyote viwili kabla ya kulipa.

Zima kila kitu kabla ya kuchomeka. Tumia kebo za XLR (zenye pini tatu) pale vifaa vyote viwili vinapokuwa na saketi halisi ya aina hiyo: pini 1 ni kinga, 2 chanya, 3 hasi, na kelele inayoingia sawasawa kwenye waya zote mbili hufutwa mwishoni mwa safari. Kwa mita moja nyuma ya kabati, RCA (kebo ya kawaida ya pini moja) nzuri inatosha. Spika tatu za mbele zifungwe kwa aina moja ya kebo, kwa sababu XLR mara nyingi hutoka na volti maradufu ya RCA, sawa na desibeli 6. Ukisikia mvumo wa 50 Hz au 60 Hz, chomoa vyanzo kimoja kimoja hadi mvumo ukome. Mara nyingi mkosaji ni waya wa antena, au kifaa kilichochomekwa kwenye soketi ya mbali yenye njia nyingine ya ardhi. Hamishia vyote kwenye saketi moja ya umeme. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi. Ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Unganisha pia waya wa volti 12 unaoziamsha amplifaya. Utaratibu ni huu: prosesa huwaka kwanza, amplifaya mwisho; wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia. Ukikosea, spika zitapigwa na mshindo.

Kabla ya kupima chumba, weka kitufe cha masafa cha subwufa kwenye LFE (chaneli ya besi) au mwisho kabisa, fezi iwe 0, na usawazishaji wake wa ndani uzimwe. Maikrofoni ikae kwenye stendi, usawa wa masikio, mbali na mgongo wa kochi, kwani kochi hurudisha sauti na kuidanganya. Zima feni na kiyoyozi. Pointi ya kwanza iwe kiti kikuu hasa, kwa sababu umbali na viwango hutokana nayo katika mifumo ya kupima chumba kama Audyssey na Dirac Live.

Matokeo yasomwe, yasikubaliwe tu. Subwufa ikisomeka -12 dB, huenda prosesa imegonga ukomo wa kuipunguza: punguza sauti kwenye subwufa yenyewe upime upya. Umbali wa subwufa ukionekana mrefu kuliko wa futi ya kupimia, uache; saketi zake huchelewesha sauti, na prosesa inafidia. Spika zilizowekwa kama kubwa zirudishe kuwa ndogo, na mpaka wa masafa, ambapo besi huachiwa subwufa, uanzie 80 Hz. Kama sauti za juu zimekuwa kavu, zuia urekebishaji uishie karibu na 300 hadi 500 Hz, uache tabia ya spika zako juu ya hapo. Mazungumzo yakisikika membamba, kagua chanya na hasi za spika ya kati.

Atmos isipoonekana kwenye skrini ya prosesa, fungua mipangilio ya deki: sauti itoke kama bitstream (ikiwa haijafumbuliwa) na sauti ya pili izimwe. Kwa sauti ya runinga, ARC ya kawaida (njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka kwenye runinga) hupitisha Atmos ya huduma za mtandaoni lakini si TrueHD, muundo wa sauti usiopunguzwa ubora, wa diski. Hiyo inataka eARC, toleo lake jipya zaidi. Picha ikikatika kwenye 4K ya 120 Hz, shuku kebo kwanza. Kwa safari ndefu, chukua HDMI ya nyuzi za mwanga na utazame mshale wake, maana ina upande wa kuingia na wa kutoka.

Kisha hifadhi mipangilio yote kwenye fleshi. Sasisho la programu linaweza kuifuta, na kupima upya kunakula jioni nzima.