Programu isiyouzwa: ianze kwa mtu mmoja

Ukiandika programu ambayo hutaiuza, unahitaji kipimo kingine badala ya idadi ya waliopakua, la sivyo utaitupa mwezi wa pili. Kipimo hicho ni mtu mmoja unayemjua kwa jina, na usumbufu wake mmoja.

Uandike kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta: «Simu inamwonyesha bibi 14:00, ilhali dawa yake ni ya saa nane.» Kisichohusu sentensi hiyo kiache. Nywila, akaunti, rangi za kuchagua, vyote acha.

Basi programu itamtajia bibi saa ya Kiswahili kwa sauti, na kulia kengele ya dawa. Hesabu yake ni fupi. Chukua saa ya simu, jumlisha 6, gawanya kwa 12. Baki ndiyo saa ya Kiswahili, na baki ikiwa 0 ni saa kumi na mbili. 14 inakuwa 20, baki 8. Rahisi, mpaka ufike kwenye kasorobo. 18:45 ni saa moja kasorobo, kwa hiyo dakika zikiwa 45 ongeza saa moja kwanza, ndipo ukokotoe. Ukiongeza mwishoni, 12 inageuka 13, na bibi atasikia «saa kumi na tatu kasorobo». Jaribu kila robo ya siku nzima, yaani mara 96.

Mpaka wa mchana, alasiri na jioni usiukisie. Muulize mwenyewe anavyosema, uweke hivyo hivyo hata kama wewe husemi vile.

Sauti ya mashine hutamka Kiswahili kama mgeni wa juzi. Rekodi ya mjukuu ni bora. Vipande 22 vinatosha: neno «saa», namba 12, «na robo», «na nusu», «kasorobo», na majira sita kuanzia alfajiri hadi usiku.

Kinachokwamisha mara nyingi ni kengele kukaa kimya. Android huzilaza programu ili kuokoa betri, basi iruhusu yako kwenye mipangilio ya betri, kisha iache simu usiku kucha uone kama italia. Data ikae ndani ya simu. Seva, yaani kompyuta ya mbali ya kutunzia data, ina bili ya kila mwezi, na bili ikishaanza utaanza kuwaza mapato. Play Store nayo inatoza dola 25 kufungua akaunti. Kwa simu moja, faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, linatosha.

Amua mapema itakapoishia. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, aliifunga TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, mwaka 1990: haiongezwi kitu, hurekebishwa makosa tu, na kila rekebisho namba ya toleo husogea tarakimu moja kuelekea pai (3.14159…).

Kwa wiki mbili, hesabu siku ambazo bibi bado anauliza ni saa ngapi. Akiacha kuuliza, andika toleo 1.0. Akiendelea, usiongeze kitu kipya. Kaa naye kutwa, utazame kidole chake kinasita wapi.