Akiba Ndogo ya Mayai: Namna ya Kutumia Tiba ya Kichina Bila Kupoteza Muda

Kabla hujamwendea tabibu wa Kichina, pata kwanza vipimo vya maabara, kwa sababu akiba ya mayai, yaani idadi ya mayai yaliyosalia kwenye ovari, haionekani kwenye ulimi wala haisikiki kwenye mapigo ya mshipa. Homoni ya AMH, inayotolewa na vijifuko vya mayai, hupimwa siku yoyote ya mzunguko, ilhali FSH, homoni inayochochea mayai kukua, hupimwa siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi pamoja na homoni ya estradioli, kwa kuwa estradioli ikiwa juu huishusha FSH na kukupa jibu la kukutuliza bure. Ultrasaundi ya ukeni nayo huhesabu vijifuko vidogo vinavyobeba mayai katika ovari zote mbili. Kwa kawaida akiba huhesabiwa kuwa ndogo AMH ikiwa chini ya takriban 1.2 ng/ml, au vijifuko vikiwa chini ya 5 hadi 7. Ikiwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze daktari, maana vinaweza kuishusha AMH. Mume naye apimwe mbegu wiki hiyohiyo. Ni kipimo rahisi, na bado ndicho kinachoahirishwa kila mara.

AMH hukadiria wingi wa mayai yaliyosalia, si ubora wake, ambao hufuata zaidi umri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na wenye AMH ndogo hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao katika kushika mimba kwa njia ya kawaida.

Katika tiba ya Kichina uzazi huwekwa chini ya figo, zinazodhaniwa kutunza nguvu ya asili ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo hupungua kadiri miaka inavyosonga. Tabibu atashika mapigo sehemu tatu kwenye kila kifundo cha mkono, atatazama utando wa ulimi, kisha atauliza kuhusu usingizi, ubaridi wa miguu na rangi ya damu ya hedhi. Dawa hubadilishwa kufuata mzunguko: baada ya hedhi hutolewa za kujenga damu, kama mzizi wa shu di huang, na baada ya yai kupevuka hutolewa za kutia joto, kama mbegu za tu si zi. Mizizi na mbegu hizo hulowekwa kwanza katika maji baridi, huchemshwa mara mbili katika chungu cha udongo, na maji ya michemsho yote miwili huchanganywa na kunywewa asubuhi na jioni. Ladha yake si ya kuzoeleka haraka.

Hakuna dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuongeza mayai, na anayekuahidi hivyo muage mapema. Kuhusu akupancha, yaani sindano nyembamba ambazo tabibu wa Kichina huzichoma kwenye ngozi, jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2018, lililohusisha wanawake 848 waliokuwa katika IVF (kutungisha mimba nje ya mwili), lilipata watoto hai kwa asilimia 18.3 kwa sindano halisi na 17.8 kwa za kuigiza. Anayezitumia kwa ajili ya utulivu wa mwili na akili ana sababu ya kutosha; anayezitegemea kwa mimba ajue takwimu hizo.

Usinunue unga usio na lebo. Dai orodha ya viambato kwa majina ya kisayansi na umwoneshe daktari wako. Mmea wa Kichina wa he shou wu umehusishwa na madhara ya ini, ule wa dang gui huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mimea yenye asidi ya aristolokia iliharibu figo za wanawake wengi nchini Ubelgiji katika miaka ya 1990. Pima ini na figo kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache. Nchini Tanzania, hakikisha tabibu amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Jiwekee ukomo wa miezi 3 wa kujaribu tiba hii, ambao ni takriban muda wa hatua za mwisho za kukua kwa kijifuko. Aliyefikisha miaka 35 amwone mtaalamu wa uzazi baada ya miezi 6 ya kujaribu. Aliyevuka 40 aende bila kusubiri, na sindano za akupancha zifuate ratiba ya hospitali. Sindano za homoni za IVF zikianza, acha mitishamba isipokuwa daktari ameiridhia, na kipimo cha mimba kikionyesha mistari miwili, isimamishe siku hiyohiyo mpaka uzungumze naye.