Jinsi ya kutafuta nyota kwa kadi za zamani za Urania's Mirror

Hizi kadi zilitoka London mwaka 1824, ziko 32 kwenye boksi, michoro alichonga Sidney Hall, na mimi nazipenda kuliko ramani zingine za zamani kwa sababu ya matundu. Kwenye kila nyota pametobolewa, inayong'aa sana tundu kubwa, iliyofifia tundu dogo, kwa hiyo ukishika kadi mbele ya taa gizani ule mchoro wa mnyama au shujaa unafifia zinabaki nyota peke yake, na hicho ndo utakachokiona ukiangalia juu.

Seti ya orijino ina miaka 200, tafadhali usiitoe nje kwenye umande. Maktaba ya Bunge la Marekani wameweka picha zake mtandaoni bure, we pakua, printi kwenye manila, toboa mwenyewe. Sindano nyembamba kwa nyota ndogo, msumari mdogo kwa zile kubwa. Usitoboe zote sawa maana ukitoboa zote sawa hutajua ipi ni ipi.

Anza na Orion, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji. Desemba kama saa tatu usiku yuko mashariki. Kaa gizani dakika 20 hivi macho yazoee, funika tochi kwa kitambaa chekundu, imulike kwa nyuma ya kadi, sasa angalia kadi, angalia mbingu, rudia.

Hapa ndo wengi wanakwama: kadi zilichorwa kwa watu wa Uingereza, kule Orion anasimama wima, sisi wa karibu na ikweta anachomoza amelala ubavu. Ukiwa umetazama mashariki zungusha kadi robo kwenda kushoto, kichwa chake kielekee kaskazini, utaona inakaa sawasawa kabisa. Akishafika utosini, mwezi wa pili hivi, inua kadi juu ya kichwa chako, sehemu ya juu ya kadi ikielekea kaskazini.

Ukishampata, fuata mstari wa zile nyota tatu za mkanda wake, upande mmoja unafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, upande wa pili unapita karibu na nyota ya Aldebaran, jicho la fahali, ukiendelea mbele unakutana na Kilimia. Kwenye kadi ya fahali, Taurus, Kilimia kiko begani, itoboe vizuri hiyo inapendeza sana.

Kadi haikwambii nyota gani ziko juu saa ngapi, hiyo angalia kwenye programu kama Stellarium kabla hujatoka. Pia kuna vitu humo havitambuliki tena, mfano kundi la Quadrans Muralis kwenye kadi ya Boötes, halimo kwenye yale makundi 88 ya nyota yaliyokubaliwa kimataifa 1922, ingawa vimondo vya Januari bado vinaitwa Quadrantids. Msalaba wa Kusini nao hauna kadi. Kuanzia Juni chukua ya Nge, Scorpius, huyo kwetu anapanda juu kabisa, waliochora kule London walikuwa wanamwona chini chini tu kwenye upeo.